Barua Juu ya Tungo

Nilizifuta tungo za marehemu mama yangu nikiwa Chanji, Sumbawanga, vidole vikinizizima kwa baridi ya Ufipa. Zilikuwa hamsini na mbili, nimezinakili kutoka kinywani mwake, nazo hazikuwapo kwingine ila katika flashi ile moja.

"Mwalimu, usiandike tena chochote humo," akanionya kijana fundi.

Akanifahamisha kwamba, katika mpango wa FAT uliokuwa ndani ya flashi yangu, orodha huweka jina la faili na chumba chake cha kwanza, na jedwali huonyesha chumba kinachofuatia. Ukifuta, kompyuta hubadili herufi ya kwanza ya jina na kuvitangaza vyumba kuwa wazi. Maneno yenyewe yangali humo, mpaka aje mpangaji mwingine.

Kumbe mpangaji nilikwisha kumtia mwenyewe. Tungo arubaini na tisa zilirejea. Tatu zilikuwa zimekaliwa na barua yangu ya kuomba uhamisho wa kurudi kwetu visiwani.

Uhamisho niliupata. Zile tatu ningali nazitafuta kichwani: vina navikumbuka, mizani hainitimii.