Swichi Yenye Pua na Usiku Stima Ilipopotea Khayega

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa na wengine mmeniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa nyumbani Khayega nikirekebisha kosa nililolifanya kwa mikono yangu mwenyewe. Leo nawasimulia, kwa sababu naona vifaa hivi vinazidi kuingia madukani na huenda na wewe unafikiria kumnunulia mzazi wako.

Kwa wasiopajua, Khayega ni soko lililo kando ya barabara kuu itokayo Kisumu kwenda Kakamega, ukikaribia kufika mjini Kakamega. Ni nchi ya Waisukha, watu wa ngoma ya isikuti na mapigano ya fahali. Msitu wa Kakamega hauko mbali, na mvua si kitu cha kuombea huku. Ndipo nilipozaliwa na ndipo mama yangu anapoishi hadi leo, pamoja na mtoto wa dada yangu anayesoma shule ya msingi. Mimi kazi yangu ya kuandika programu iko Nairobi.

Mama ana kikohozi cha muda mrefu. Nami, kama kawaida ya watu wa kazi yangu, nilipoambiwa kuna tatizo nikafikiria kifaa kwanza. Nikanunua swichi erevu ya ukutani. Hii ni swichi ya taa kama nyingine, ila ndani yake mna kompyuta ndogo yenye waifai, na kando ya kitufe kuna matundu madogo. Nyuma ya matundu kuna vihisi vya kupima joto, unyevu na "ubora wa hewa". Hewa ikiwa nzuri kitaa kinawaka kijani, ikichafuka kinakuwa chekundu. Vipimo vinatumwa kupitia intaneti, nami nikiwa Nairobi naviona kwenye simu. Nikajiambia kwamba sasa ukuta wa sebule ya mama umepata pua.

Shida ya kwanza ilikuwa nyaya. Fundi wa stima alifungua kisanduku cha swichi akaniangalia. "Kaka, hapa hakuna nyutro." Nyumba zetu nyingi zimefungwa hivyo. Waya wa moto unashuka hadi kwenye swichi na kurudi kwenye taa, na waya wa nyutro unaishia huko juu kwenye taa. Swichi ya kawaida haihitaji zaidi ya hapo, kwa sababu kazi yake ni kukata na kuunganisha tu. Lakini swichi erevu ni kompyuta, inakula stima usiku na mchana hata taa ikiwa imezimwa, kwa hiyo inataka nyaya zote mbili. Zipo zinazojipenyezea stima kidogo kupitia kwenye balbu yenyewe, ila balbu za LED huweza kumetameta usiku kucha. Tukavunja plasta kutoka soketi ya karibu tukavuta nyutro. Mama alitazama ukuta wake mpya ukichimbwa akanyamaza.

Shida ya pili niliigundua baada ya siku mbili. Swichi ilisema sebuleni kuna nyuzi joto 25.5, kipimajoto cha kawaida mezani kikasema 22. Kifaa hiki kinajipasha moto chenyewe. Ndani ya kisanduku kile kidogo mna kifaa cha kugeuza volti 240 kuwa volti chache na mna relei inayowasha taa, vyote vinatoa joto, na kihisi kimekaa sentimita chache kutoka hapo. Usidhani ni jambo dogo. Hewa ileile ikipashwa moto, unyevu wake wa asilimia 80 husomeka kama 65 hivi. Kwenye nchi ya mvua kama yetu, 80 ni ukungu ukutani na 65 ni amani. Nikaandika mistari michache ya kupunguza nyuzi 3.5 na kukokotoa unyevu upya. Nikajisifu.

Ningejisifu kidogo tu. Hicho kipimo cha "ubora wa hewa" sikukisoma vizuri. Kihisi cha bei nafuu kinachowekwa kwenye swichi nyingi ni kijibamba cha oksidi ya chuma kinachopashwa moto. Mvuke wa rangi, pombe, manukato au chakula kinachoungua ukigusa kijibamba hicho, ukinzani wake wa umeme unabadilika. Hakikuambii ni gesi gani. Vingi vya aina hii havina hata kipimo halisi, vinalinganisha hewa ya sasa na wastani wa saa 24 zilizopita. Maana yake, nyumba ikizoea uchafu, kihisi nacho kinazoea. Tena hakipimi chembechembe za moshi, na hakitegemewi kugundua kaboni monoksaidi, gesi inayotoka kwenye makaa. Chembechembe zinataka kifaa kingine, chenye kifeni kinachovuta hewa mbele ya mwale wa leza na kusoma mwanga unavyotawanyika. Kaboni monoksaidi inataka seli yake ya kikemikali.

Haya yote yalikuwa yameandikwa kwenye karatasi za kiufundi za kihisi. Nilikuwa nazo. Nilizisoma baadaye.

Basi ikafika Julai mwaka jana. Asubuhi moja niliamka Nairobi nikafungua grafu yangu kabla ya chai. Hii grafu niliiandika mimi, inachukua kipimo kila baada ya dakika tano na kuchora mstari. Usiku ule mstari ulikuwa umenyooka kama rula kutoka saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, wa kijani mtupu. Nikampigia mama simu.

"Mama, naona jana mlilala na hewa safi sana."

"Safi wapi, baba?" Sauti yake ilikuwa nzito. "Mtoto ametapika usiku, na mimi kichwa kinataka kupasuka."

Akanieleza. Jioni ile kulinyesha mvua ya mawe, stima ikapotea saa mbili. Kulikuwa na baridi. Maharagwe yalikuwa bado hayajaiva, kwa hiyo akachukua jiko la makaa akaliingiza sebuleni, yaendelee kuchemka na wao waote moto. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya baridi na mbu. Makaa yalikuwa yameshika vizuri, mekundu, hayatoi moshi hata kidogo, kwa hiyo hakuona ubaya. Wakasinzia kwenye viti. Mtoto alipoanza kutapika ndipo mama alipoinuka, miguu ikamlegea, akafika mlangoni kwa kushika ukuta akaufungua. Wakakaa nje barazani na blanketi hadi kichwa kikatulia.

Aliposema "kwa kushika ukuta" nilifikiria swichi. Huenda mkono wake uliigusa.

Nikarudi kwenye data. Kipimo cha mwisho kilikuwa cha saa mbili na dakika mbili usiku. Kilichofuata kilikuwa cha saa kumi na mbili kasoro dakika tano asubuhi. Katikati hapakuwa na kitu. Swichi inaishi kwa stima, na stima ilipokatika ilikufa pamoja na taa. Programu yangu ilipokuta nukta mbili za kijani na pengo katikati, ikaziunganisha kwa mstari ulionyooka, kwa sababu ndivyo nilivyoiandika ili grafu ipendeze. Takriban saa kumi ambazo sikuwa na habari yoyote nilizipaka rangi ya usalama mimi mwenyewe.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi nilikichukua kimya nikakiandika "hewa safi".

Tazama jinsi jambo lenyewe lilivyokaa. Stima ikiwepo, mama anawasha taa, na jiko linabaki jikoni. Stima ikipotea, ndipo jiko linapoingia ndani, koroboi inawashwa na madirisha yanafungwa. Saa ambazo hewa ni mbaya kuliko zote ndizo hizohizo swichi inafumba macho. Kule Ulaya nyumba hupashwa joto kwa mfumo wake na stima haikatiki ovyo, kwa hiyo kifaa hiki kinapima kaboni dayoksaidi ya pumzi za watu waliojifungia na kuwasha feni. Kwetu feni yenyewe haipo.

Kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu. Inang'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo damu inazunguka ikiwa imebeba mzigo usiofaa. Makaa mekundu yasiyotoa moshi ndiyo yanayodanganya zaidi.

Jumamosi ile nilipanda basi. Nilishuka stendi ya Khayega, nikachukua boda boda hadi nyumbani nikiwa na kibegi cha vihisi. Safari hii sikwenda sebuleni, nilikwenda jikoni. Jiko letu, kama ya wengi, ni kibanda nyuma ya nyumba, cha udongo na mabati, na mafiga matatu katikati. Hakuna waya wa stima unaofika huko. Kwa hiyo hakuna swichi, iwe erevu au isiwe. Nami nilikuwa nimepima hewa ya sebule kwa miezi mitano nikitafuta sababu ya kikohozi cha mtu anayeshinda jikoni.

Na hatuko peke yetu. Sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba asilimia 55.1 ya kaya za Kenya zilitegemea kuni zaidi kwa kupikia, na asilimia 11.6 makaa.

Nikaweka kihisi cha chembechembe chenye betri ukutani, kimo cha swichi. Mama akanitazama akiwa kwenye kigoda chake, akipuliza moto. "Mbona umekiweka huko mbali? Kwani ukuta ndio unaopika?"

Nikakileta alipokaa. Alipoinama kupuliza, namba zikapita mikrogramu 500 kwa mita ya ujazo, mpaka ambao mtengenezaji haahidi usahihi ukishauvuka. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka wa 2021 linataka wastani wa siku nzima usizidi 15. Mwaka wa 2001, Majid Ezzati na Daniel Kammen walichapisha katika jarida la The Lancet utafiti walioufanya Laikipia kuhusu moshi wa majiko na magonjwa ya kupumua. Kazi yao ilionyesha kwamba ukitaka kujua moshi anaouvuta mtu, haitoshi kuchukua wastani wa chumba. Lazima ujue mtu huyo amekaa wapi na anafanya nini, kwa sababu anayechochea moto anaikuta ile mivumo mifupi mikali. Mama alinieleza hilohilo bila kusoma jarida.

Tulichofanya ni hiki. Tulipanua mwanya kati ya ukuta na paa la jiko ili moshi upate njia, lakini upande mmoja tu. Upande wa pili mama alikataa, kwa sababu juu ya moto ananing'iniza mahindi ya mbegu na moshi ndio unaofukuza wadudu. Tulinunua mtungi mdogo wa gesi kwa chai na mboga. Maharagwe bado yanachemkia kwenye kuni, na sikubishana. Chumbani na sebuleni tuliweka king'ora cha kaboni monoksaidi cha betri, kisicho na waifai wala grafu. Na taa ya kuchajiwa kwa usiku wa giza. Jiko la makaa sasa haliruhusiwi kuvuka mlango wa nyumba. Sheria hiyo aliitunga mama, si mimi.

Swichi bado ipo ukutani. Inawasha taa vizuri na inanionya kuhusu ukungu. Ila msimbo nimeubadilisha. Pengo kwenye data sasa linachorwa pengo, rangi ya kijivu, na wastani hauhesabiwi kama vipimo havijatimia. Muhimu zaidi, swichi inatuma salamu kila dakika tano kwa seva iliyoko Nairobi, na zikipita dakika kumi na tano bila salamu seva inanitumia ujumbe: "Sina habari za nyumbani." Kama unaandika programu za aina hii, naomba uanze na mstari huo kabla ya rangi na grafu. Usiruhusu "sijui" igeuke kuwa "sawa".

Juzi ujumbe uliingia saa moja na nusu usiku nikiwa kwenye matatu. Nikapiga simu nyumbani.

"Stima imepotea," mama akasema kabla sijauliza. "Jiko liko nje. Kula basi, ulale."

Nitawaandikia tena karibuni.