Kishikwambi si Lori: Barua kwa Zaina

Muheza, Tanga
19 Oktoba 2025

Mwanangu Zaina,

Mguu wa bibi yako umepoa. Juzi alitembea mwenyewe mpaka kisimani na kurudi bila mkongojo, na anakusalimu sana. Ng'ombe wa baba yako amezaa ndama jike. Mama yako amekufungia unga wa muhogo na dagaa wakavu, mzigo utaondoka na basi la Jumatano, kwa hiyo uwe karibu na simu.

Kikao cha familia kilikaa Ijumaa baada ya magharibi. Mchango wako wa vifaa vya chuo umefika laki saba na nusu. Humo mna fedha ya ndama aliyeuzwa mwaka jana, mna ya wajomba zako, na mna elfu ishirini ambayo bibi yako aliifungua kwenye pindo la kanga mbele yetu sote. Nakutajia haya ili ujue kwamba kila shilingi uliyochangiwa ina mwenyewe.

Ujumbe wako wa sauti tuliusikiliza pamoja. Unasema unataka kishikwambi chenye kalamu yake na kibodi cha kubandika, kwa kuwa ni chepesi, chaji yake inakaa kutwa, na kompyuta mpakato, hiyo mnayoiita laptopu, ni mambo ya zamani. Baba yako akanigeukia: "Mwalimu, mjibu mwanao." Ndiyo haya nakujibu, tena kwa mkono, ili usome polepole. Ukimaliza, mwenzako wa chumbani naye asome, huenda kwao wanabishana jambo hilihili.

Kishikwambi nakijua, mwanangu. Mwaka 2022 nilikuwa karani wa sensa. Tulianza kuhesabu tarehe 23 Agosti, na ilikuwa mara ya kwanza nchini sensa kufanywa kwa vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi. Nilipita kaya kwa kaya, nimekikumbatia kama mtoto. Swali linatokea, nagusa jibu, linakuja jingine. Nikisahau kipengele, chenyewe kinanizuia nisisonge mbele. Nilisimama mlangoni mwa watu, chini ya mwembe, kando ya zizi la mbuzi, na sikuhitaji meza wala kiti. Sensa ya 2012 nayo ilifanyika Agosti, lakini matokeo ya mwanzo tuliyasikia siku ya mwisho ya Desemba. Safari hii, tarehe 31 Oktoba Rais Samia Suluhu Hassan alikwisha kutangaza pale Dodoma kwamba tuko watu 61,741,120. Baadaye vishikwambi vile vikagawiwa walimu, na mimi nikapata changu. Kipo mpaka leo na kinafanya kazi.

Ila tazama kazi niliyoifanya nacho. Niliuliza, nikagusa, nikatuma. Maswali sikuyatunga mimi, wala majedwali sikuyapanga mimi. Watu waliozichukua namba zetu wakazichambua kwa umri, kwa mkoa na kwa jinsia, walikaa mbele ya kompyuta. Nawe umechaguliwa kusomea takwimu. Hukuvuka Morogoro kwenda Dodoma kujifunza kugusa majibu. Umekwenda kujifunza kazi ya wale waliokaa mezani.

Sasa nikusimulie jambo ambalo baba yako analijua na wewe hulijui. Mwaka 2023 nilikuwa namalizia shahada yangu ya jioni, ile niliyoisoma huku nafundisha. Imebaki ripoti ya utafiti tu. Nikajisemea, kishikwambi ninacho, kompyuta ya nini tena? Nikaandika kurasa arobaini na kitu kwa kidole, usiku, baada ya kusahihisha madaftari. Kila nilipotaka kutazama namba zangu ilibidi nifunge maandishi. Nikirudi kwenye maandishi namba zimenitoka kichwani. Msimamizi wangu alinirudishia kazi ina maoni yake pembeni, nami kwenye kioo kile kidogo nikayaona machache tu. Nilipoipeleka steshenari ili ichapwe, majedwali yalikuwa yametawanyika, vichwa vya habari vimehamia kurasa nyingine, na namba za kurasa hazipo. Kijana wa steshenari akaichapa upya siku tatu, nikamlipa, na tarehe ya kuwasilisha ikawa imepita. Wenzangu walivaa majoho Novemba ile. Mimi nilivaa mwaka uliofuata.

Kosa halikuwa la kile kifaa. Kilikuwa kimenitumikia sensa nzima bila kunikwaza. Kosa lilikuwa langu, kukibebesha mzigo ambao si wake. Nimekulipia somo hilo mwaka mzima, usilipe tena.

Unasema kompyuta mpakato ni mambo ya zamani. Basi nikupe namba, maana ndiyo lugha unayoisomea. iPad ya kwanza iliingia madukani Marekani tarehe 3 Aprili 2010, na siku hiyohiyo ziliuzwa zaidi ya 300,000. Watu walisema kompyuta imekwisha habari yake. Mauzo yakapanda kama maji ya bamvua: katika miezi mitatu ya mwisho ya 2013 Apple peke yao waliuza iPad milioni 26. Mwaka 2014 vishikwambi vya kampuni zote duniani vilifika takriban milioni 230. Hapo ndipo maji yalipoanza kupwa. Yalirudi kidogo mwaka 2020 na 2021, wakati korona iliposukuma masomo na kazi majumbani, kisha yakapwa tena. Mwaka 2023 viliuzwa takriban milioni 130 tu. Mwaka huohuo 2023, ambao ulikuwa mbaya kwa wauza kompyuta, kompyuta zilizouzwa zilizidi milioni 240. Hilo jambo la zamani, Zaina, ndilo linalouzwa zaidi.

Kwa nini vilipungua? Si kwa ubovu. Sababu ya kwanza unaishika mkononi. Simu ilikua. Mwaka 2014 hata Apple, waliokuwa wameng'ang'ania simu ya inchi nne, walitoa ya inchi tano na nusu. Mtu mwenye kioo cha namna hiyo mfukoni, mwenye kutazamia video na kusomea habari humo, kishikwambi atakitafutia nini? Sababu ya pili, vinadumu. Hiki changu kina miaka mitatu na sioni haja ya kukibadilisha. Aliyenunua anakaa nacho mpaka mtoto akirithi, na muuzaji hamwoni tena dukani. Sababu ya tatu, kompyuta mpakato nazo hazikulala. Zimekuwa nyembamba, nyepesi, na chaji za zile mpya nyingi zinamaliza siku ya masomo.

Ya nne ndiyo kubwa kwetu. Kwa watu wengi kishikwambi ni chombo cha tatu. Simu mtu hawezi kuikosa, na mwenye kazi ya kuandika na kukokotoa hawezi kuiepuka kompyuta. Kishikwambi kinakaa katikati, kizuri kweli, lakini ukiulizwa uache kimoja, ndicho utakachokiacha. Nyumba yenye uwezo inanunua vitatu. Nyumba yetu inanunua kimoja kimoja, na cha tatu hakitangulii cha pili.

Mwaka ule ule wa 2010, Steve Jobs, yule aliyeileta iPad, alitoa mfano ambao nimeupenda kuliko maneno yote ya matangazo. Alisema Marekani ilipokuwa nchi ya wakulima, magari yalikuwa malori, kwa sababu shamba lilihitaji lori. Watu walipohamia mijini wakataka magari madogo. Kompyuta, akasema, zitakuwa kama malori: zitabaki, ila watakaozihitaji watakuwa wachache. Alikuwa mtu mwenye akili nyingi, na hapo kwenye lori alisema kweli. Lakini sisi, mwanangu, bado tuko shambani. Wewe mtoto wa Muheza unajua machungwa yanavyotoka hapa. Hakuna anayepakia matenga mia kwenye gari dogo la kifahari aende nayo Dar es Salaam. Tasnifu, majedwali, uchambuzi wa namba elfu kumi: huo ndio mzigo uliokwenda kuubeba. Unahitaji lori, hata kama limechubuka rangi.

Na kile kibodi cha kubandika, usikitegemee. Apple wenyewe walitoa kishikwambi kikubwa chenye kibodi na kalamu mwaka 2015, na mwaka 2020 wakakiruhusu kutumia kipanya vizuri. Kila walipotaka kifanye kazi za kompyuta walikiongezea kiungo cha kompyuta. Wahenga wa pwani walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ukishajumlisha bei ya kishikwambi, ya kibodi na ya kalamu, umefika bei ya kompyuta nzuri, na bado programu zako haziingii. SPSS na Stata, ambazo walimu wako watakuambia uziweke, zinataka kompyuta. Kwenye kishikwambi cha Android haziwezi kusakinishwa. Utakuwa na kalamu nzuri na mikono mitupu.

Sisemi kishikwambi hakina mwenyewe. Kwa jirani zetu wa Kenya, mwaka 2013 wanafunzi wa darasa la kwanza waliahidiwa kompyuta mpakato katika kampeni za uchaguzi; vifaa vilipoanza kufika shuleni mwaka 2016, vilikuwa vishikwambi, zaidi ya milioni moja kwa jumla. Kwa mtoto wa miaka sita anayejifunza herufi kwa kugusa picha, huo ulikuwa uchaguzi wenye maana. Mchoraji anakihitaji. Karani wa sensa anakihitaji, na mimi ni shahidi. Mwanafunzi wa takwimu, mwaka wa kwanza, mwenye laki saba na nusu za kuchangiwa, hakihitaji.

Basi fanya hivi. Nunua kompyuta mpakato iliyotumika, ya zile za maofisini, maana hutengenezwa imara. Iwe na RAM ya GB 8 isipungue, na diski ya SSD, siyo ile ya kuzunguka. Muulize muuzaji kama inapokea Windows 11, kwa kuwa tarehe 14 ya mwezi huu Microsoft wamesitisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Kama ina prosesa ya Intel, iwe ya kizazi cha nane au zaidi. Usiende peke yako. Nenda na kaka yako wa Dodoma aliyezoea mambo ya kompyuta, mwende mchana. Bonyeza kila herufi ya kibodi, usione haya. Chomoa chaja, uitumie nusu saa huku unatazama betri inavyoshuka. Tazama bawaba za kifuniko. Dai risiti na udhamini wa maandishi. Muuzaji anayenung'unika kutoa risiti, muachie mali yake. Bei isizidi laki sita na nusu. Inayobaki ununue begi lisilopitisha maji na flashi, na kila kazi unayoiandika iwe na nakala mahali pawili, kwa sababu umeme hauagi.

Vitabu na maandiko ya walimu yasomee kwenye simu yako. Kioo chake kinatosha. Ukichoka macho, maktaba ya chuo ina vitabu vya karatasi navyo havitaki chaji wala bando.

Najua chumbani kwenu wapo wenye vishikwambi vinavyong'aa, na najua uzito wa kufungua mbele yao mashine iliyochakaa pembeni. Usiinamishe kichwa. Wiki ya kwanza watatazama kifaa chako. Muhula wa pili, kazi za kuwasilisha zitakapowabana, watakuja kukuazima. Waazime kwa kiasi, na faili zako ziwe zimefungwa kwa nywila.

Siku utakapopata mshahara wako wa kwanza, nenda kanunue kishikwambi kizuri kuliko vyote dukani, na kalamu yake, ukitumie upendavyo. Nami nitafurahi nikikiona mkononi mwako, kwa kuwa utakuwa umekinunua baada ya vile vilivyotangulia. Kwa leo, hili si ombi, mwanangu. Ni neno la shangazi yako, na baba yako ameliridhia.

Fedha itaingia kwenye simu yako Jumatatu asubuhi. Kabla jua halijazama Jumamosi, nataka picha ya risiti na picha ya kompyuta ikiwa imewashwa. Nitampelekea bibi yako aione, kwa sababu kila jioni ananiuliza elfu ishirini yake imenunua nini.

Wako akupendaye,
Shangazi