Gia ya Kushukia

Asubuhi ile baba hakuniuliza gari langu linakimbia kiasi gani. Aliuliza, "Breki umebadilisha lini?"

Nilikuwa kwenye foleni ya kuingia Nordschleife, Ujerumani, ndani ya Toyota Yaris ninayoendea chuoni. Ni barabara ya mashindano iliyofunguliwa mwaka 1927, kilomita 20.8 za kona na milima. Siku nyingine hata mwanafunzi wa uzamili kama mimi hulipia mzunguko mmoja na kuingia na gari lake. Wenye kasi hupita kushoto tu; mgeni unakaa kulia na kutazama vioo.

Niliwapisha wote. Kisha barabara ikateremka kuelekea Breidscheid, nikakanyaga breki kona baada ya kona, mpaka pedeli ikaanza kulegea na harufu ya kuungua ikanijia. Harufu hiyo naijua. Nikiwa darasa la pili, baba alirudi nayo kwenye shati, lori lake limebaki bondeni Kitonga. Hakuendesha tena.

"Mlima huushuki kwa breki," alizoea kusema. "Unaushuka kwa gia uliyopandia."

Nikarudisha gia ya pili. Injini ikanguruma, gari likatulia. Nikamaliza mzunguko polepole, magari yakinipita.

Jioni nilimpigia nikamweleza yote. Akanyamaza.

"Mimi siku ile gia niliikumbuka nimechelewa," akasema.

Miaka 17, hakuwahi kulisema hilo.