Nilivyofuta mtaa wa mpwa wangu

Mwaka jana nilimpa dada yangu ushauri ambao mpaka leo nikiukumbuka naona aibu.

Alinipigia simu usiku akilalamika kwamba mwanawe wa miaka tisa habanduki kwenye kishikwambi. Akitoka shule, kishikwambi. Akimaliza kula, kishikwambi. Akiitwa haitiki.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya, na katika familia yetu hilo limenifanya niwe daktari asiye na cheti. Nikamjibu kwa kujiamini: “Dada, mnyang’anye. Futa kila kitu kirudi kama kilivyotoka dukani, kisha kifungie kabatini.” Nikamwongezea kwamba hata Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema mtoto asizidishe saa moja kwa siku.

Dada akafanya hivyo hivyo.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwake Chanika. Mpwa wangu, ambaye siku zote hukimbia kunipokea mkoba, alisema “Shikamoo mamdogo” huku akiangalia chini, akaingia ndani. Nikadhani ni hasira za kunyimwa gemu.

Kumbe hakuwa akicheza gemu. Alikuwa akichora.

Alikuwa akichora mtaa wao wa zamani, Kariakoo. Nyumba waliyokuwa wamepanga, ya chini, yenye baraza mbele, ilivunjwa na sasa pamesimama ghorofa. Mtoto alikuwa anaijenga upya kwenye skrini: benchi la muuza kahawa, cherehani ya mama yake karibu na dirisha, nguzo ya umeme iliyoinama. Ilikuwa kazi ya miezi miwili na haikuwa na nakala popote. Mimi niliifuta kwa sentensi moja ya simu.

Niliporudi nyumbani nilifanya nilichopaswa kufanya kabla ya kufungua mdomo. Nilisoma mwongozo wenyewe. Ile saa moja imo katika mwongozo wa WHO wa mwaka 2019, ambao ni wa watoto walio chini ya miaka mitano. Kwa wenye miaka 5 hadi 17, mwongozo wa 2020 hautaji idadi ya saa. Unasema muda wa kukaa mbele ya skrini kwa burudani upunguzwe, na mtoto apate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuushughulisha mwili hasa.

Kwa hiyo nilikosea mara mbili. Nilitumia kipimo cha mtoto mdogo kwa mtoto mkubwa, na sikuuliza kabisa anachokifanya.

Nilimwomba radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: “Mamdogo, unajua kuchora?” Nikasema sijui. “Basi nitakufundisha, halafu utanisaidia kuurudisha.”

Ndivyo nilivyoanza kwenda Chanika kila Jumamosi kujifunza uchoraji wa kidijitali kwa mwalimu wa darasa la nne.

Somo la kwanza lilikuwa maumbo. Nilianza kwa kuburuta kidole ili nichore ukuta, ukatoka umepinda kama mtumbwi. Akaniambia niache kidole, nichukue mstatili. Nyumba ni mstatili mkubwa, mlango ni mstatili mdogo, gurudumu la bajaji ni duara. Dirisha unachora moja, unalinakili mara unazotaka. Ghorofa zima nikalimaliza kwa dakika chache, nikajisifu.

Akalitazama. “Mamdogo, humu hakuna mtu anayeishi.”

Alikuwa sahihi. Madirisha yangu yote yalifanana. Akanionyesha: hili lifungue nusu, hili liwekee pazia, pale anika kanga. Maumbo yanakupa jengo, lakini watu unapaswa kuwaweka mwenyewe.

Somo la pili lilikuwa kuchagua eneo. Unazungushia kwa kidole sehemu unayotaka, na mstari wa vidoti unaanza kutembea ukingoni kama msafara wa sisimizi. Kuanzia hapo rangi haivuki mpaka. Unaweza kupaka ovyo, na ukingo wa ukuta ukabaki umenyooka. Ukitaka kuongeza kipande unaongeza, ukitaka kupunguza unakata.

Dada alikuwa nyuma yetu anashona. Akachungulia. “Si ndiyo chaki yangu hiyo? Unachora kwanza kwenye kitambaa, ndipo mkasi unafuata.” Akasogeza kigoda. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa na kutazama mwanawe anachora. Baada ya dakika tano alikuwa anatusahihisha: baraza lilikuwa juu zaidi, mlango ulikuwa wa bluu iliyopauka, na muuza kahawa alikaa kushoto, si kulia.

Somo la tatu lilikuwa mwanga. Tulichagua saa ya jioni. Kuta zote zinazotazama magharibi tulizichagua pamoja tukazipa rangi ya joto, na zile za upande wa pili tukazitia giza. Majengo ya mbali tukayapausha, kwa sababu vumbi na hewa ya mjini huyafifisha. Picha iliyokuwa bapa ikapata kina.

Tulikwama kwenye Soko la Kariakoo, lililoonekana mwisho wa mtaa. Jengo hilo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, halikubali mistatili. Paa lake ni la zege lililopanuka kama miavuli iliyogeuzwa juu chini. Tulijaribu pembetatu, ikashindikana. Mtoto akasema: “Twende tukaliangalie.”

Tukapanda daladala. Alisimama kando ya barabara akichora hewani kwa kidole, akahama upande huu na ule ili alione vizuri. Siku hiyo tulitembea zaidi ya saa moja, na hakuna aliyelalamika kuchoka isipokuwa mimi.

Wakati wa kurudi tulipita palipokuwa nyumba yao. Aliliangalia lile ghorofa jipya kwa muda mrefu. “Hili rahisi,” akasema. “Mistatili tu.” Dada akamshika mkono, tukaondoka.

Sisemi kishikwambi kiachwe bila kanuni. Dada sasa anazo: kazi za shule na kucheza nje vinatangulia, kishikwambi hakilali chumbani kwa mtoto, na kila baada ya dakika 20 wa kuchora anatazama kitu kilicho umbali wa mita sita hivi kwa sekunde 20, ili macho yapumzike. Kanuni hizo hazikuzua ugomvi, kwa sababu ziliwekwa na mama anayejua mwanawe anafanya nini.

Mzazi, kabla hujamnyang’anya mtoto simu au kishikwambi, kaa kando yake dakika kumi umwombe akuonyeshe. Pengine utakuta jambo la kukomesha leo leo. Pengine utakuta mtaa mzima.

Picha yetu imekamilika. Mpwa wangu anasema ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi, na namwamini, maana sura ya muuza kahawa hajaipata tena kama alivyoichora mara ya kwanza. Amejaribu mara nyingi, kisha akaamua kumchora akiwa amegeuka, anamimina kahawa.

Kila Jumamosi jioni ananitumia nakala. Nazihifadhi sehemu tatu.