Likizo ya Mpanda: Watoto Wajue Chakula Kinatoka Wapi

Mwambie mtu wa Dar unakwenda likizo Zanzibar, atakuonea wivu. Mwambie Arusha, atakuuliza mtafikia hoteli gani. Sasa mwambie Mpanda, tena na watoto. Atakukodolea macho kama vile umemwambia umehamishwa kikazi kwa adhabu.

Basi sisi tulikwenda. Ilikuwa Juni, shule zimefungwa. Mimi, baba watoto, kijana wetu wa miaka 9 na mdogo wake wa kike wa miaka 6, ambaye ukimuuliza mboga anayoipenda anakujibu bila aibu: "Tomato sosi." Wifi yangu ni mwalimu wa shule ya msingi kule, na kwa miaka mitatu alikuwa anatuimbia wimbo mmoja kwenye simu: leteni watoto waje waone shamba, wasije wakadhani mchele unaota kwenye mfuko wa plastiki.

Kigoma ndiyo yenye jina la mwisho wa reli, lakini hata Mpanda reli inaishia hapo. Tawi la kilomita zipatazo 210 kutoka Kaliua lilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kufuata madini ya risasi. Madini hayo hayasemwi sana siku hizi, ila mji ulibaki na ukakua. Mwaka 2012 Katavi ilimegwa kutoka Rukwa ikawa mkoa, Mpanda ikawa makao makuu. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu kama 565,000 katika eneo lake. Sensa ya 2022 ikakuta zaidi ya milioni 1.15. Umeona hesabu hiyo? Watu wameongezeka maradufu ndani ya miaka kumi. Wapimbwe, Wakonongo na Wabende ndio wenyeji, Wasukuma wamekuja na ng'ombe wao, Wafipa wamepanda kutoka Sumbawanga, na wako waliokimbia Burundi mwaka 1972 wakapewa makazi Katumba, baadaye na Mishamo, na wengi wao sasa ni Watanzania kwa hati. Kila kundi limekuja na chungu chake. Kwa mtu anayependa kula, hiyo ni habari njema.

Mtihani wa sokoni

Asubuhi ya pili wifi aliwapa watoto kila mmoja kikapu na vijisenti, akawaambia hakuna kurudi nyumbani mpaka wanunue kitu kimoja kutoka kila kundi la chakula. Makundi ni sita, ndivyo wanavyofundisha wataalamu wa lishe siku hizi: nafaka, mizizi na ndizi za kupika, mikunde, karanga na mbegu, vyakula vya asili ya wanyama, mboga, matunda, na mafuta yenye afya.

Kijana akaanza kwa mbwembwe. Akachukua mchele wa Mpimbwe, ambao upande ule wa bonde la Rukwa ndiyo fahari yao. Akachukua viazi vitamu. Akachukua unga wa muhogo. Akasimama akitabasamu, makundi matatu tayari.

"Hapana baba," shangazi yake akamwambia. "Hilo ni kundi moja hilo."

"Mchele na viazi?"

"Na muhogo, na ugali. Na chipsi zako pia. Ukila wali na chipsi, umekula kitu kimoja mara mbili."

Nilimtazama mume wangu, akajifanya anapiga bei ya mkeka. Manake nyumbani kwetu sahani ya Ijumaa jioni ni wali na chipsi pembeni, na yeye ndiye mnunuzi mkuu.

Soko la Mpanda mwezi wa Juni usiombe. Mpunga umetoka kuvunwa, karanga zimeshakauka, maharage ya rangi kama shanga. Mama mmoja aliyetuuzia ya soya alisema yametoka Katumba. Kulikuwa na uyoga wa miombo uliokaushwa tangu masika (nunua kwa mtu anayejulikana na wenyeji, uyoga si kitu cha kubahatisha). Kulikuwa na ukwaju, kisamvu, matembele, majani ya maboga, mlenda. Kulikuwa na viazi lishe, vile vya ndani rangi ya chungwa, ambavyo rangi hiyo ndiyo mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Na kwenye chupa za maji zilizotumika, mawese mekundu. Binti yangu alidhani ni tomato sosi, akaikumbatia chupa. Tukamwacha. Mawese yasiyosafishwa nayo yana rangi hiyo hiyo yenye faida, na kundi la mafuta likawa limepatikana kwa njia ya udanganyifu.

Kuna jambo dogo wifi alilisema pale ambalo nimelishika. Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani mwili huyapata kwa shida, lakini ukila pamoja na kitu chenye vitamini C, kama embe, chungwa au limao la kukamulia, mwili huyapokea vizuri zaidi. Chai ya rangi juu ya chakula hufanya kinyume chake. Fikiria ni watoto wangapi wanashushia maharage kwa kikombe cha chai.

Magunia yamejaa ndani

Jioni moja watoto wa jirani walikuja kucheza bao uani. Mmoja alikuwa na miaka 9, rika moja na kijana wetu, ila alimfikia begani. Alimfunga mwanangu mara nne mfululizo. Usiku mwanangu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, mbona yeye mdogo vile?"

Kwanza nilitaka kumwambia watu wanatofautiana, tulale. Na ni kweli wanatofautiana, wapo wafupi kwa kurithi, na kwa kumwangalia tu mtoto mmoja huwezi kujua. Lakini wifi alikuwa bado macho, na mwalimu hawezi kuacha swali lipite.

Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 uligundua kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa, yaani kimo chao hakilingani na umri. Katavi ni karibu theluthi moja. Rukwa, jirani zao wanaolisha nusu ya nchi kwa mahindi, ni karibu nusu ya watoto. Nilipoisikia mara ya kwanza nilidhani wamekosea. Mikoa yenye ghala, na watoto wake hawakui?

"Wifi, huku njaa huioni," aliniambia. "Magunia yamejaa ndani. Mtoto anashiba. Anashiba ugali asubuhi, ugali mchana, ugali usiku, na mboga ile ile."

Kudumaa kunaanza mapema kuliko tunavyofikiri. Zile siku 1,000, tangu mimba inapotungwa mpaka mtoto atimize miaka 2, ndizo zenye uzito mkubwa. Kama mama mjamzito hali vizuri, kama mtoto anapewa uji mwepesi kabla ya miezi 6 badala ya maziwa ya mama peke yake, kama anaharisha mara kwa mara kwa maji machafu, kama msimu wa tumbaku au mpunga mama yuko shambani kutwa na mtoto ameachiwa dada wa miaka 8, basi sentimita zinapotea kimya kimya. Na tumbo la mtoto mdogo ni dogo. Milo miwili ya watu wazima haimtoshi hata ikiwa mikubwa kiasi gani. Halafu ongeza hili: utafiti wa 2015-16 ulikuta Katavi ikiongoza nchi kwa mimba za utotoni, asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wakiwa tayari wamezaa au wana mimba. Mwili ambao wenyewe bado unakua unagawana chakula na mwingine.

Na sisi akina baba na mama tuseme ukweli kuhusu meza zetu. Firigisi ya kuku ni ya nani? Kipande kikubwa cha nyama kinatangulia sahani ya nani? Kuna sehemu nyingi za nchi yetu mjamzito bado anaambiwa asile mayai. Mayai hayo yanapelekwa gengeni, na hela inayopatikana inanunua soda. Huo ni ubadilishanaji mbaya kuliko wowote ninaoujua, kwa sababu chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai kama 9.

Kwa hiyo msiwaonee huruma watu wa Katavi mkiwa mmekaa Mikocheni. Mtoto wa kiepe yai na juisi ya boksi naye anashiba bila kulishwa, tofauti tu ni kwamba wake ni unene badala ya ufupi.

Dagaa wa Karema

Kutoka Mpanda kwenda Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ni zaidi ya kilomita 100. Wazungu wa Kibelgiji walijenga kituo pale mwaka 1879, na miaka 6 baadaye wakakiachia Wamisionari wa Afrika. Lakini mimi sikwenda kwa ajili ya ngome. Nilikwenda kwa ajili ya dagaa.

Wavuvi huingia ziwani usiku na taa, samaki wanafuata mwanga. Kukicha ufukwe unang'aa kama umemwagiwa sarafu. Watoto walisaidia kutandaza, wakanuka ile mbaya, wakafurahi kupita kiasi. Na hapo ndipo binti yangu, ambaye nyumbani anakimbia samaki mwenye kichwa, alipotafuna dagaa mkavu mzima kwa sababu watoto wengine wote walikuwa wanatafuna. Dagaa analiwa na mifupa yake, na mifupa hiyo ndiyo kalisiamu. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani humo kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, kwa hiyo kabla ya kufunga safari ulizeni kwanza kama ziwa liko wazi.

Kiboko hali chipsi

Sitalike iko kama nusu saa na zaidi kidogo kusini mwa Mpanda, kwenye mlango wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Hifadhi hii ilianzishwa 1974, ikapanuliwa 1998, na ina kilomita za mraba 4,471. Wageni ni wachache, wapenzi mnaotafuta utulivu mmefika. Mbung'o ni wengi, msivae nguo za bluu au nyeusi maana wanazipenda. Karibu na Ziwa Katavi kuna mkwaju ambao wenyeji wanasema roho ya Katabi, aliyeupa mkoa jina, inakaa humo, na watu huacha sadaka chini yake. Baada ya kujua hivyo watoto waliunywa ukwaju kwa heshima mpya kabisa.

Pale mtoni Katuma viboko wamelala kama mawe. Mwongozaji akatuambia kiboko mmoja anaweza kula kilo 40 za majani kwa usiku. Binti yangu akawaza. "Sasa mbona ni mnene na anakula mboga tu?"

Gari zima lilicheka, lakini ni swali la maana. Kiboko ana tumbo kubwa lenye vyumba na vijidudu vya kumchachulia nyasi, sisi hatuna. Ndiyo maana kwetu mboga peke yake haitoshi, wala nyama peke yake.

Nani anaamua sahani?

Kwenye ndoa nyingi za rika letu ugomvi wa chakula cha mtoto hauna mwisho. Mume wangu alilelewa kwa sheria ya hunyanyuki hapo mpaka umalize. Mimi kwetu tuliachwa. Kwa hiyo yeye akikaza, mtoto ananitazama mimi. Mimi nikikataa, anakwenda kwa baba, na baba anarudi na mfuko wa chipsi.

Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, ana kanuni ambayo tuliijadili usiku mmoja uani kwa wifi: mzazi anaamua kuna chakula gani, saa ngapi na wapi, mtoto anaamua kama atakula na kiasi gani. Mume wangu alisema huko ni kudekeza. Wifi akamwambia, "Kaka, siku zote hizi hapa kuna mtu aliyemlazimisha mwanao kula matembele? Na si ameyala?" Akanyamaza. Hakukubali, alinyamaza tu, na wenye ndoa mnajua tofauti.

Tulichokubaliana ni kidogo. Soda ni ya sherehe. Watoto wanakwenda sokoni na sisi Jumamosi na kila mmoja anachagua mboga moja. Kitu kipya kikikataliwa hakipigiwi kelele, kinarudi mezani wiki ijayo, maana watoto wengi huhitaji kuonja mara 8, 10 au zaidi kabla hawajakizoea. Na firigisi inazunguka kwa zamu. Hilo la mwisho lilichukua muda.

Kama mnakwenda

Barabara ya kutoka Tabora kupitia Sikonge na Inyonga ni ya lami, na Inyonga simameni mnunue asali ya miombo. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata ya kulamba, inaweza kuwa na vijidudu vinavyomletea ugonjwa wa kupooza. Wakubwa nao wakumbuke kuwa bado ni sukari. Treni kutoka Tabora ni ya polepole na ina raha yake kwa wasio na haraka. Kuona viboko waliobanana kwenye dimbwi moja nendeni Agosti hadi Oktoba. Kuona mavuno, Juni kama sisi.

Dagaa wafungeni mifuko mitatu, mmoja ndani ya mwingine, kisha kwenye ndoo yenye mfuniko. Sisi tulifunga miwili, na mpaka Morogoro basi zima lilikuwa linajua tulikotoka.