Hema la Baba

Masika yakiisha na shule zikifungwa mwezi wa sita, nyumba yetu ya Upanga huanza kunuka turubai. Baba hulishusha hema kutoka juu ya kabati, akalianika kwenye varanda ya ghorofa ya tatu, na majirani wakauliza kama tunahama. Tulilinunua Kariakoo mwaka mmoja kabla soko halijaungua Julai 2021, na tangu hapo kila mwaka tumelala ndani yake msituni Pugu. Wapo ndugu wanaotucheka: watu wana vitanda, wanakwenda kulala chini! Baba, aliyeuza vipuri Gerezani miaka mingi, huwajibu kwamba mtu anayeshinda kwenye kelele za Kariakoo ndiye anayejua bei ya ukimya.

Mwaka huu hema lilishushwa na mdogo wetu wa darasa la sita. Presha ya macho ilimnyang'anya Baba jicho la kulia polepole, bila maumivu, na ilipogundulika, la kushoto nalo lilikuwa limebakiwa na uwezo wa kutofautisha mchana na usiku tu. Tangu Januari duka limefungwa. Tulijua safari haipo. Yeye ndiye aliyeuliza, jioni ile Frateri aliporudi likizo (Frateri ndiye anayeandika haya): "Hema mmeanika?"

Basi tukaenda watano, kwa Noah ya mjomba, dada yetu akiendesha. Tulipita Kariakoo kuchukua mkaa na kamba, kisha tukaishika Barabara ya Nyerere. Baba alikaa mbele akitutajia tulipofika: hapa uwanja wa ndege, hapa Gongo la Mboto, nawasikia makonda. Gari lilipoanza kupanda vilima vya Pugu akaanza hadithi yake ya kila mwaka: shule ambayo Mwalimu Nyerere aliacha kufundisha mwaka 1955 ili ashike siasa, na wamisionari Wabenediktini waliofika 1888, misheni yao ikashambuliwa Januari 1889 na baadhi yao wakauawa. Miaka yote humwomba afupishe. Safari hii hakuna aliyeomba. Tunadhani alilitambua hilo, maana alikatiza mwenyewe katikati.

Tulipofika kambini tulimwekea kiti chini ya mti, tukampa soda, tukamwambia apumzike. Frateri akawa msimamizi wa ujenzi. Hema likasimama, likainama, likalala. "Fito ndefu ni ile yenye utepe," Baba alisema kutoka kwenye kiti. "Tulia, Baba, tunamaliza," tukamjibu. Likalala tena. Lilipokubali kusimama, jua lilikuwa linazama na popo walishaanza kupita juu ya miti. Wanatoka kwenye mapango ya zamani ya kuchimbia udongo mweupe wa kaolini. Mwaka jana Baba ndiye aliyetuonyesha.

Usiku sauti kama ya mtoto mchanga ikalia juu ya mti. Mdogo wetu akamshika Mama. "Huyo komba," Baba akasema gizani, "hana shida na wewe." Tukacheka, tukalala.

Saa nane Mama alituamsha. Baba hakuwepo.

Hatujui tulitoka vipi hemani. Dada alikimbilia bwawani, maana kila mmoja wetu alikuwa amewaza bwawa na hakuna aliyetaka kulitaja. Mama aliita jina lake la ubatizo, jina ambalo hatumsikii akilitumia. Frateri akazunguka nyuma ya hema na tochi, na hapo akamwona amepiga magoti. Kwa mafunzo aliyonayo alifikiri mzee anasali, akasimama kwa heshima.

Hakuwa anasali. Alikuwa anafunga kamba. Alitoka akishika ukingo wa hema, akalizunguka kutoka kigingi hadi kigingi, akazifungua kamba zetu zote na kuzifunga upya.

"Mmefunga kama watu wanaofunga mbuzi," alisema.

Mama alikuwa analia. "Kwa nini hukutuamsha?"

"Mngeniambia nipumzike."

Tulinyamaza. Akaendelea bila kupandisha sauti: "Macho yamekwenda. Mimi nipo. Tangu Januari mnanihamisha kutoka kiti kimoja hadi kingine."

Seminarini tumesoma kwamba Aristotle anaifungua Metafizikia yake kwa kusifu kuona kuliko hisi nyingine, na kwamba katika kitabu chake juu ya nafsi anasema hakuna mnyama awezaye kuishi bila kugusa. Tuliyaandika yote mawili. La pili hatukulikariri. Halikuonekana kama swali la mtihani.

Frateri alizima tochi. "Baba, zimebaki kamba ngapi?"

"Mbili. Leta mkono." Akaushika, akauweka juu ya fundo, akauongoza vidole kwa vidole. La kwanza lilikataa. Akalifungua, akarudia.

Asubuhi hema alilikunja mwenyewe. Lilichukua karibu saa nzima; mara mbili lilipinda na akaanza upya, nasi tulikaa pale, mikono mapajani, tukijizuia. Misa ya kwanza Pugu ilitupita. Tulisali ya pili.