Makumbusho na Mafiga

Neno makumbusho ni miongoni mwa maneno ya Kiswahili yaliyoundwa kwa busara. Lugha nyingi za Ulaya huliita jumba la namna hii kwa jina lililotoka kwa Wagiriki wa kale, jina la mahali pa miungu ya kike ya sanaa. Kiswahili hakikuazima. Kilichukua kitenzi kumbuka, kikakinyambua kuwa kumbusha, kisha kikaunda nomino. Kwa hiyo kwetu makumbusho si ghala la vitu vikongwe. Ni kazi inayotendwa, na kazi hiyo haikamiliki mpaka awepo mtu wa kukumbushwa. Chungu kinachokaa peke yake nyuma ya kioo bado hakijamkumbusha mtu kitu.

Jijini Dar es Salaam neno hilo limepata maisha ya pili. Makondakta wa daladala hulinadi tangu alfajiri, "Makumbusho! Makumbusho!", nao humaanisha kituo cha mabasi cha Kijitonyama, kilichopata jina kutokana na Kijiji cha Makumbusho kilicho jirani. Abiria hushuka hapo kuunganisha magari, wakaenda zao Mwenge au Kawe. Siku tuliposhuka mimi na mke wangu, kondakta alitunyooshea kidole penye mabasi mengine. Nikamwambia kwamba tumefika. Tunakwenda makumbusho yenyewe. Alicheka, kisha akamshika mama mkono asijikwae.

Tulikuwa tumetoka Segese, wilaya ya Kahama, mkoani Shinyanga, katika ukanda wa dhahabu unaoendelea hadi Geita. Kwetu safari ya Dar es Salaam ina sababu zake zinazofahamika: ugonjwa, msiba, harusi, mahafali ya mtoto, au kufuatilia mafao. Wazee wawili wakionekana na mabegi stendi, jirani huuliza kwa sauti ya upole, "Nani anaumwa?" Tuliulizwa hivyo na watu watano kabla basi halijaondoka.

Nilijibu kwamba tunakwenda kutembea. Jibu hilo ni Kiswahili safi, lakini halikumridhisha mtu. Kutembea ni kwenda kwa miguu, na pia ni kuzuru. Ila anayezuru humzuru mwenyeji, nasi hatukuwa na mwenyeji wa kumtaja. Neno likizo lilinijia mdomoni nikaliacha. Likizo ni ruhusa atoayo mwajiri, na mstaafu hana wa kumwomba ruhusa. Tena hata nilipokuwa kazini, likizo ya mwalimu wa huku ilikuwa msimu wa shamba: ya Desemba ni ya jembe, ya Juni ni ya mavuno. Utalii nao, masikioni mwa majirani, ni shughuli ya wageni wenye kamera wanaokwenda Serengeti. Hivyo tuliondoka Segese tukiwa na nauli kamili na pungufu ya neno moja.

Sababu ya safari ilikuwa hii. Mimi nilistaafu kwa barua. Barua hiyo ilikuwa na tarehe, mhuri na maneno ya shukrani, nami nimeitunza kabatini. Mke wangu hakuandikiwa barua. Kazi aliyoifanya siku nilipopokea yangu ndiyo aliyoifanya kesho yake: kuwasha moto, kuchambua mboga, kusonga ugali, kuosha vyombo. Nilipofika umri uliowekwa, serikali ilinihesabu kuwa nimechoka. Mgongo wake yeye ulikuwa umeyasema hayo miaka mingi kabla, lakini mgongo hauna mhuri. Basi niliweka akiba fedha ya mpunga wa misimu miwili, kwa nia moja: apate siku sita asizoshika mwiko.

Tulikwenda kwa basi hadi Dodoma, kisha tukapanda treni ya umeme, ambayo ilianza kubeba abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam mwezi Julai 2024. Ndani ya behewa alifungua kikapu, nikaona michembe na karanga za kututosha siku tatu.

"Mwalimu," akasema, "hatujui watu wa huko wanakula nini."

Swali hilo la chakula lilitangulia mbele yetu kila tulipokwenda. Siku ya kwanza tulizuru Makumbusho ya Taifa na Nyumba ya Utamaduni, katika Mtaa wa Shaaban Robert. Jengo lake la kwanza lilifunguliwa mwaka 1940 kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Leo mgeni anayeuliza njia huelekezwa kwa jina la mshairi wa Kiswahili. Makumbusho hayo ndiyo yenye dhamana ya fuvu ambalo Mary Leakey aliligundua Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Mumewe, Louis, alilipa jina la Zinjanthropus, akitumia neno Zinj ambalo Waarabu wa kale waliliitia pwani yetu, neno lile lile lililojificha ndani ya Zanzibar. Hata Olduvai ni matokeo ya sikio la mgeni. Wamaasai husema Oldupai, jina la mkonge wa porini unaoota bondeni humo.

Nilimweleza mke wangu kuwa kiumbe huyo aliishi yapata miaka milioni 1.75 iliyopita. Miaka haikumshughulisha. Aliinama akayatazama magego.

"Huyu alikuwa anakula nini?"

Ndilo swali ambalo wataalamu wenyewe wameliuliza tangu mwanzo. Kwa ukubwa wa magego yale walidhani alikuwa mvunjaji wa kokwa ngumu, wakampa na jina la utani kwa sababu hiyo. Uchunguzi wa baadaye wa kemikali za meno ukaonyesha kwamba jamii yake ilitegemea sana nyasi na mimea ya jamii ya ndago.

"Ndago hizi hizi tunazong'oa shambani?" akauliza. Akamtazama tena yule mzee wa Oldupai, safari hii kwa huruma.

Tangu hapo nilianza kuyaona makumbusho kwa jicho lake. Sehemu kubwa ya vyombo vya kale vinavyohifadhiwa katika majumba haya ni vya mlo: vyungu, vinu, nyungo, vibuyu, kata za kutekea maji. Mwanahistoria huviita zana za maisha. Mke wangu aliviita vyombo, akatafuta kwa macho mahali ambapo maji yangepatikana.

Siku ya tatu ndiyo tulifika Kijiji cha Makumbusho, ambamo nyumba za jadi za makabila mbalimbali zimejengwa kwa umbo lake, miongoni mwao msonge wa Wahaya na tembe ya Wagogo. Kundi la wanafunzi lilikuwa limetutangulia. Mimi nilisimama nje kusoma maelezo. Yeye aliinama akaingia ndani ya nyumba. Niliposogea nilimkuta amezungukwa na watoto, akiwaonyesha mahali ambapo mpishi angekaa: mgongo ukutani, uso mlangoni, ili amwone mtoto aliye uani bila kukiacha chungu kilicho motoni.

Akawafundisha mafiga. Binti mmoja alisema kuwa bibi yake wa Tanga huyaita mafya. Mwingine akasema kwao ni meko. Maneno yote matatu ni Kiswahili, na yote matatu yanahama nyumbani mwetu pamoja na kuni, kwa kuwa gesi haihitaji mawe matatu. Kisha akawapa vitenzi vyake. Chungu kinainjikwa, hakiwekwi tu. Kikiiva kinaipuliwa. Chakula kinapakuliwa. Hapo watoto waliangua kicheko, maana kwao kupakua ni kazi ya simu: hupakuliwa nyimbo, picha na programu. Mke wangu hakuelewa kicheko kile mpaka nilipomfafanulia. Akafikiri kidogo, kisha akawaambia kuwa hata huko kwenye simu lazima kuna aliyepika kwanza.

Miaka mingi nilifundisha mnyambuliko wa vitenzi kwa chaki. Injika, injikia, injikwa. Wanafunzi walinakili na wengi walifaulu. Katika nyumba ile niliona kitenzi hicho hicho kikifundishwa kwa viganja viwili vilivyoshika chungu kisichokuwapo, na watoto wakikishusha polepole, kila mmoja kwa zamu, wakiogopa kuungua.

Chakula tulikula popote njaa ilipotukuta. Hatukutafuta hoteli kubwa. Neno mgahawa lenyewe, ambalo pia ni mkahawa, lilianzia kwenye kahawa, na halikudai zaidi ya benchi na kikombe. Asubuhi tulikunywa supu kwa chapati. Mchana mmoja tulikula samaki wa kukaanga karibu na soko la Feri. Jioni moja tulionja chipsi mayai, ambazo mke wangu alizieleza kuwa ni viazi vilivyofunikwa shuka. Mara nyingi zaidi tulikula kwa mama ntilie. Jina hilo limetokana na sauti za wateja, "Mama, nitilie!", na siku hizi wengi husema mama lishe kwa heshima zaidi. Mimi nalipenda lile la kwanza, kwa kuwa ndani yake mwenye njaa bado anasikika akiomba.

Mlo wetu wa kwanza kwa mama ntilie ulikuwa Kariakoo. Yule mama, umri wa binti yetu, alituamkia shikamoo, kisha akamgeukia mke wangu: "Nikupakulie nini, bibi?"

Mke wangu alinitazama. Kwa zaidi ya miaka arobaini swali hilo lilikuwa lake yeye kuuliza, si kujibu. Mwishowe alisema wali na samaki wa nazi. Alipomaliza alisimama, akazipanga sahani zetu, akawa anaulizia maji ya kuoshea. Mwenyeji alimpokonya taratibu. "Kaa, bibi. Hiyo ni kazi yangu." Akakaa, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Siku ya tatu mikono ilikuwa imetulia. Siku ya tano alirudisha chai akiomba iongezwe sukari, nami nikajua kwamba safari imefanikiwa.

Hata hivyo furaha yake haikumfunga macho. Siku hiyo ya tano, tukiwa kwenye benchi lile lile, alimuuliza yule mama, "Na wewe unakula saa ngapi?"

"Wateja wakiisha, bibi."

Alikuwa ameamka saa tisa usiku, na sasa ilikuwa saa nane mchana. Mke wangu alisogea kwenye benchi akampisha. Mama yule alicheka, akakataa, akaendelea kutia wali.

Nililifikiria jina la mahali tulipokaa. Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, kilichokuwa na kambi hapo. Wapagazi hao walibeba risasi na chakula cha majeshi, na maelfu kwa maelfu wakafa, wengi wao kwa maradhi na njaa. Mwendo mfupi kutoka hapo, katika Barabara ya Samora, ipo Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927. Wapagazi wametajwa katika maandishi yake, lakini umbo la shaba ni la askari mwenye bunduki. Aliyebeba chakula hana sanamu. Ana jina la soko, ambalo kinywa cha watu kilililainisha, kikalihifadhi. Hayo nayo ni makumbusho, na hayana kiingilio.

Jioni hiyo, chumbani, niliandika ubeti huu kwa ajili ya wanawake wawili, mmoja aliyekaa na mmoja aliyekataa kukaa:

Jiko lina mafigaye, na moshi ndio mwenziwe,
Alaye wa mwisho ndiye, aliyepika mwenyewe,
Leo kaketi na yeye, kama mgeni apewe,
Mkono upumzike, mpishi apakuliwe.

Nilimsomea. Aliuliza kama "na yeye" ni yeye au ni yule wa Kariakoo. Nilimwambia kuwa ngeli haitenganishi. Akasema basi ubeti ni wa wote wawili, ila mmoja wao bado hajala.

Huku kwetu kwenye machimbo wapo akina mama wengi kama yule. Mchimbaji hashuki duarani na tumbo tupu. Kabla jua halijachomoza yupo mwanamke aliyekwisha kuinjika uji. Dhahabu ikipatikana huhesabiwa mgawo wa mwenye duara, wa mwenye eneo na wa wachimbaji. Mpishi hulipwa sahani yake, tena mara nyingine kwa mkopo. Mke wangu anawafahamu, kwa kuwa baadhi yao wako naye katika kikundi cha kuweka na kukopa.

Tuliporudi walimfuata kumuuliza habari za Dar es Salaam. Aliwasimulia treni, magego ya Oldupai na viazi vilivyofunikwa shuka. Walichokishika zaidi ni lile swali la yule mama wa Kariakoo. Sasa kikundi kimefungua mfuko mdogo pembeni mwa ule wa mikopo. Wanataka kwenda Bujora, kule Kisesa karibu na Mwanza, kwenye makumbusho ya Wasukuma, wakati wa Bulabo mwezi Juni, wakaone ngoma za Bagika na Bagalu. Masharti waliyoyaandika kwenye daftari ni mawili: kila mmoja atalipa nauli yake kidogo kidogo, na hakuna atakayebeba sufuria.